Biolojia ya mwaka wa kwanza: maswali mnayoniuliza kila siku

Habari zenu wadogo zangu. Mimi ndo TA wenu, yaani mwalimu msaidizi, wa kozi ya utangulizi wa biolojia, yule mwenye koti lenye doa la iodini mfukoni. Kila muhula ukianza napata meseji zilezile, nyingine saa nane usiku, na nyingine zinaanza na "mambo" alafu mtu anakaa kimya anasubiri niitikie poa ndo aulize. Sasa nimekaa nimeyaandika yote hapa. Yale ya sheria za chuo siwezi kuyabadilisha hata ulie, ila yale ya kozi yetu mengi yana sababu zake na ntawaambia sababu yenyewe, maana nimeona mtu akijua sababu hagombi sana. Na niseme mapema kabisa, mimi hii kozi nilisapu, yaani nilifeli nikarudia mtihani, kwaiyo ninachoandika nimekipitia.

Maksi zinagawanywaje?

Kosiwaki, yaani kazi za muhula, ni 40, na UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ni 60. Ndani ya ile 40: testi ya kwanza 10, testi ya pili 10, ripoti za praktiko (kazi za maabara) 15, semina na vikwizi 5. Angalieni vizuri hapo, praktiko peke yake ni kubwa kuliko testi yoyote, na bado watu wanakesha vimbweteni wiki nzima kwa ajili ya testi ya maksi 10 alafu ripoti wanaandika kwenye daladala. Ukiwa na chini ya 16 kwenye kosiwaki hauingii UE, hiyo haina mjadala.

Madaraja ni yaleyale ya chuo: 70 kwenda juu A, 60 B+, 50 B, 40 C, na 35 mpaka 39 ni D ambayo ni sapu.

Biolojia nilipata A Fomu Siksi. Si nshamaliza nusu ya kozi?

Mada umeshazisikia ndio. Seli, jenetiki, uainishaji, ikolojia, hakuna kitu utakutana nacho uulize hiki nini. Na hapo ndo mtego ulipo, kwasababu kila mwaka wanaoshangaa zaidi matokeo ya testi ya kwanza ni hawa wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) wenye A zao, wakati mtu wa CBG (kemia, biolojia, jiografia) aliyekuja na C na woga wake anapita vizuri tu.

Shuleni ulizoea "eleza umuhimu saba wa kitu fulani", unashusha pointi saba unaondoka. Huku swali linakuja hivi: mtu kazidiwa na kiu akiwa kwenye boti, kanywa maji ya bahari, kwanini kiu inaongezeka badala ya kupungua? Hapo maana ya osmosisi (maji kupita kwenye utando kwenda penye chumvi au sukari nyingi) uliyokariri neno kwa neno haikusaidii kama hujui kuitumia. Unatakiwa uniambie kwamba figo haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kama maji ya bahari, kwaiyo ili chumvi ile itoke inabidi mwili utoe maji yake wenyewe juu ya yale aliyokunywa, mtu anabaki na deni. Mistari minne inatosha. Watu wanaandika kurasa mbili na jibu halimo.

Mimi mwenyewe UE yangu niliwekewa grafu ya vipande vya viazi mviringo kwenye maji ya sukari ya viwango tofauti, nikaulizwa mstari kukata kwenye sifuri maana yake nini. Nikaandika maana ya osmosisi ukurasa na nusu kwa mwandiko mzuri. Jibu lilikuwa pale ambapo kiazi hakiongezeki wala hakipungui uzito ndo nguvu ya maji ndani ya kiazi iko sawa na ya nje. Ile praktiko ilifanyika wiki ya nne na mimi sikuwepo, niliona nitasoma madesa, yaani noti za wenzangu. Nikatoka na 37.

Niko bize, nahitaji masaa mangapi kwa wiki?

Kozi ni krediti 12, na krediti moja kwa hesabu za nchi yetu ni masaa 10 ya kazi, maana yake 120 kwa muhula wa wiki 15, sawa na masaa 8 kila wiki. Vipindi masaa mawili, praktiko matatu, semina moja, yanabaki mawili ya kusoma mwenyewe. Mimi nakwambia tenga manne.

Lazima nihudhurie vipindi?

Vya lekchara hatusaini. Ukumbi unachukua watu wengi na karatasi ya saini ikianza safari mbele inafika nyuma kipindi kimeisha. Lekchara anaweka slaidi kwenye mfumo, ila slaidi zake ni picha na maneno matatu, ukizisoma peke yako ni kama kuangalia mechi bila sauti.

Praktiko na semina tunasaini, na hapa sina masihara. Kuna mwaka maabara ilikuwa na viti 48, karatasi ikarudi mezani ina saini 57, tatu kati ya hizo zimeandikwa na peni ya kijani, mkono mmoja. Sikupiga kelele, nikahesabu vichwa nikaita majina mmoja mmoja mpaka jasho likawatoka. Sheria ni kwamba aliyesainiwa anapata sifuri ya siku hiyo na aliyemsainia pia, hata kama yeye alikuwepo na kazi kafanya. Watu wanaona huyu wa pili kaonewa, ila bila yeye yule wa kwanza angesainiwa na nani?

Nikiumwa au nikipata msiba?

Praktiko ziko 10, tunahesabu 9 zilizo bora. Ile moja ni yako, hatuulizi ulikuwa wapi. Malaria, msiba, nauli imekata, umeamka tu hujisikii, sawa, usinitumie picha ya kaburi wala ya dripu. Tuliweka hivi kwasababu tulichoka kuwa mahakimu wa misiba ya watu, na pia kwasababu wapo waliokuwa wana matatizo ya kweli wakawa wanaona aibu kuyasema.

Ukikosa zaidi ya moja hapo sasa tunahitaji karatasi, ya zahanati ya chuo au hospitali, ndani ya siku 7, na unaipitishia kwa mratibu wa kozi, sio kwangu. Testi nayo ni hivohivo. UE ni habari nyingine, unaomba kuahirisha KABLA ya mtihani na ukikubaliwa unafanya mtihani maalumu baadae bila kushushwa daraja. Ila ukishaingia chumbani ukaona maswali magumu ndo ukakumbuka unaumwa, hapo umeshafanya mtihani.

Naruhusiwa kuingia maabara na kandambili?

Hapana. Viatu vya kufunika, koti la pamba, nywele zifungwe. Mtandio au hijabu ingiza ncha ndani ya koti, tunatumia moto wa spiriti. Koti usikimbilie jipya, nenda mtumbani au wafuate wa mwaka wa tatu wanaomaliza, wanauza kwa bei ya kutupa.

Dada ambaye ni mjamzito, au anadhani ni mjamzito, aniambie au amwambie fundi wa maabara, wala hauhitaji kueleza, sema tu "sitaki siku za fomalini" (ile dawa ya kuhifadhia vielelezo) inatosha. Tutakupa modeli na slaidi zilizoandaliwa na maksi ni zilezile.

Kwanini ripoti yangu imepata 4 kati ya 10 wakati nimeandika kurasa nane?

Tuongee basi kuhusu kitunguu, maana ndo praktiko ya kwanza na ndo inawaumbua wengi.

Unamenya ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, unaiweka kwenye kioo, tone la iodini, unafunika, unaangalia. Kazi ya dakika 10 ukiwa na mkono mtulivu. Alafu inakuja ripoti ina mchoro mzuri sana wa seli ya mmea, rangi zote, ina kloroplasti, vile vipande vya kijani vinavyonasa mwanga, kumi na mbili. Ndugu yangu, kitunguu kinakaa chini ya udongo! Ile ngozi haina kloroplasti hata moja. Umechora cha kwenye kitabu, hukuchora ulichokiona, na mimi nasahihisha ulichokiona. Bora uniletee mchoro mbaya wenye kiini kimoja na kiputo cha hewa ulichokidhania ni seli, tutaongea, kuliko ule mzuri wa uongo.

Mchoro wenyewe: penseli ya HB iliyochongwa, mistari mizima isiyo na manyoya, hakuna kutia kivuli, hakuna rangi, mistari ya majina isikatane na iishie kwenye kitu chenyewe. Kichwa cha mchoro kiwepo. Jina la kisayansi ukiandika kwa mkono lipigie mstari chini, jenasi herufi kubwa spishi ndogo, *Allium cepa*, sio Allium Cepa. Hivi vitu vinaonekana vidogo ila nikivijumlisha ni maksi 3 kwa kila ripoti, zidisha mara 9 uone.

Alafu ukuzaji. Karibia darasa zima linaandika x400 chini ya mchoro kwasababu lenzi ya jicho ni 10 na ya chini ni 40. Hiyo ni ya maikroskopu, sio ya mchoro wako. Kama seli umeipima ina urefu wa mm 0.25 na wewe umeichora sm 8, yaani mm 80, gawanya 80 kwa 0.25 unapata x320. Ukichora kubwa zaidi namba inabadilika, ukichora ndogo inabadilika, ila seli iko palepale. Ukielewa hilo moja umeelewa kitu ambacho wengine wanamaliza digrii hawajakielewa.

Na kurasa nane za nini? Nne zinatosha. Utangulizi ulioanza na historia ya maikroskopu tangu Robert Hooke 1665 sijauomba.

Tunafanya kwa makundi, kwanini tusiandike ripoti moja?

Data ni ya kundi, mko wanne kwenye benchi, namba zenu zitafanana na zinatakiwa zifanane. Maneno ni ya kila mtu. Nikikuta aya mbili zinazofanana mpaka makosa ya herufi nagawanya maksi, kama ripoti ilistahili 8 na mmeandika wawili basi kila mmoja achukue 4. Siulizi nani alimpa nani, hiyo kesi sitaki.

ChatGPT je?

Kutumia ili ueleweshwe sikukatazi, na hata ningekataza mngetumia. Mwambie akueleze mayosisi mara tano mpaka ikuingie, hakuna shida. Kumpa aandike ripoti hapo ndo hapana, na sio kwasababu ya Turnitin, ile programu ya kukamata walionakili, ni kwasababu hakuwepo maabara. Hajui kama kipande chenu cha kiazi kilianguka sakafuni mkakiosha ndo uzito ukapanda ghafla. Yeye atakuandikia matokeo yaliyonyooka, tena kwa Kiingereza ambacho wewe na mimi tunajua sio chako, alafu nikikuita uniambie kwa mdomo mliona nini unaanza kuangalia dari. Nikiwa na mashaka ndo naita hivyo, dakika tano, unanielezea grafu yako. Ukieleza, maksi zako zote. Ukishindwa, sifuri na jina linaenda kwa mratibu.

Praktiko ya kupima kundi la damu ni lazima nijitoboe?

Sio lazima. Nalirudia kila mwaka na bado kuna mtu anajilazimisha kwasababu benchi zima linamuangalia. Kundi moja linahitaji mtu mmoja wa kujitolea, asipopatikana fundi ana sampuli. Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, na inaenda kwenye lile boksi la njano, sio kwenye dasibini na sio mfukoni eti ukawaonyeshe wenzio hosteli.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuna kijana alifanya, matone yake mawili, moja lenye dawa ya kupima A na jingine ya B, yakaganda yote, akasoma AB. Kumbe nyumbani anajua kadi ya baba yake imeandikwa O. Na kwa bahati mbaya jenetiki alikuwa anaielewa: mtu wa AB kachukua A upande mmoja na B upande wa pili, mzazi mwenye O hana hata moja ya kumpa. Hakuniuliza. Akatoka nje akampigia mama yake simu.

Nilipomkuta amekaa kwenye ngazi nikamrudisha ndani, tukafungua chupa mpya za dawa, tukarudia kwenye kigae kisafi mara mbili, akatoka B. B na baba wa O hakuna tatizo lolote. Kilichotokea ni kwamba alitumia kijiti kimoja kukoroga matone yote mawili, alafu akasoma tone likiwa limeshaanza kukauka, na damu ikikauka kingoni inafanana na iliyoganda. Mama yake alishaanza kulia huko mkoani.

Toka siku hiyo kozi yetu ina sheria mbili. Majibu ya pale maabara sio kipimo cha hospitali, hayatoki kwenye daftari. Na mifano ya urithi tunatumia familia za kutunga tu, hakuna kuleta kundi la damu la baba, mama wala shangazi. Kadi zenyewe zinakosewa, na kuna hali za nadra za kijenetiki ambazo hamtazisoma mwaka huu.

Mimi dini yangu hainiruhusu kuua chura.

Hakuna mwanafunzi anayeua chura kwenye kozi hii, anayefanya hivyo ni fundi kabla hamjaingia. Ila najua kuna ndugu zetu Waislamu ambao hata hilo linawasumbua kwasababu ya hadithi inayokataza kumuua, na wapo wengine hawana sababu ya dini, hawawezi tu. Niambie kabla ya wiki ya tano, utafanya kwenye modeli na kielelezo kilichopasuliwa tayari, utajibu maswali yaleyale. Ukiniambia asubuhi ya siku yenyewe chura ameshakufa kwa ajili yako, na hapo hatujamsaidia mtu.

Testi imewekwa Jumamosi na mimi ni Msabato.

Leta jina wiki mbili kabla, tuna nyinyi wengi na huwa tunafanya testi nyingine Jumapili au Ijumaa asubuhi. Maswali ni mengine kwaiyo msitegemee Jumamosi usiku kupigiwa simu. Na praktiko ya Ijumaa inaisha saa sita na nusu mchana ili wa msikitini wawahi, atakayepitiliza ni kwa uzembe wake.

Naweza kujibu kwa Kiswahili?

Kwenye testi na UE hapana, Kiingereza, sheria ya chuo. Kwenye semina na ukija mezani kwangu ongea unavyotaka, na ntakwambia kitu, wengi mnaoonekana hamjui biolojia mnaijua, Kiingereza ndo kinawakaba. Mtu akinieleza kwa Kiswahili namna mmea unavyotumia mwanga kutengeneza chakula anaeleza vizuri mpaka raha, mpe karatasi anaandika sentensi tatu zilizovunjika. Kwaiyo elewa kwanza kwa lugha yako alafu ndo uhamishe, usikariri sentensi za watu.

Na msiogope yale majina marefu, mengi ni vipande vya Kigiriki na Kilatini vilivyounganishwa, ukijua vipande 50 umejua maneno 500. Sayansi inaokota maneno popote, hata kwetu. Chikungunya ni Kimakonde, inatokana na kujikunja, vile mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo, mlipuko uliofanya ugonjwa utambulike ulikuwa 1952 kule uwanda wa Makonde. Leo maprofesa dunia nzima wanapinda ndimi kulitamka.

Mada ya mageuzi (viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi) inapingana na imani yangu, naweza kuiruka?

Kuiruka hapana, ina swali la lazima UE. Ila hatukuulizi unaamini nini, hatujawahi na hatutauliza. Tunakuuliza ushahidi uliopo ni upi na unaelezwaje. Unaweza kuandika jibu la maksi zote alafu ukaenda ibadani, mimi naenda kila wiki.

Na sisi hatuna haja ya mifano ya visiwa vya mbali. Ukienda Mwanza pale ziwani, furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni zaidi ya spishi 500, na ziwa lenyewe lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, maana yake utofauti mkubwa huo wa midomo na rangi na vyakula umejitokeza baada ya hapo, na kwa hesabu za mageuzi hiyo ni kama jana asubuhi. Alafu miaka ya 1950 na 1960 watu wakaleta sangara, na spishi nyingi za furu zikapotea kabla hata hazijapewa majina. Swali la UE huwa linazunguka hapohapo, ila kila mwaka linavaa nguo nyingine. Laetoli nayo someni, zile nyayo zilizopatikana 1978, miaka kama milioni 3.6, ni ushahidi kwamba mababu wa binadamu walitembea kwa miguu miwili mapema kabla ubongo haujawa mkubwa.

Mimi nataka udaktari, ikolojia ya nini?

Mbu anazaliana wapi na kwanini, hiyo ni ikolojia. Seli mundu kuwepo kwa wingi kwenye maeneo yenye malaria, hiyo ni jenetiki na ikolojia kwa pamoja. Inatosha.

Na kuna chura wa Kihansi, yule mdogo wa njano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Watu wazima nyumbani watakwambia ni yule chura aliyekula hela za serikali. Mto ukazuiwa kwa ajili ya umeme, yale manyunyu ya maporomoko yakapungua, fangasi wa ugonjwa nao wakaingia, na 2009 akatangazwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wamepelekwa kufugwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo kule Marekani, na 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Semina ya wiki ya 11 mnabishana kama ilikuwa sahihi kutumia hela hizo, umeme upande huu na chura upande ule. Ile semina ndo naipenda kuliko zote, njooni mmesoma.

Ripoti ikichelewa?

Asilimia 10 kwa siku, siku tatu, baada ya hapo sifuri. Dedilaini ni saa 12 jioni sio saa 6 usiku, tuliibadilisha kwasababu mfumo ukizidiwa usiku hakuna mtu wa kuurekebisha. Skrinishoti ya mfumo umegoma ina uzito kama imepigwa kabla ya muda.

Bumu (hela ya mkopo) halijatoka, sina hela ya kuprinti wala bando.

Leta imeandikwa kwa mkono, naikubali mwaka mzima, hauna haja ya kujieleza. Slaidi na pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) zipo kwa CR (kiongozi wa darasa) kwenye flashi, nenda na yako au kaa nae msome. Mtu asikose maksi za kozi yangu kwasababu ya steshenari.

Pasti pepa zinatosha?

Zinakuonyesha namna ya kuuliza, hazikupi maswali. Anayekuuzia "maswali ya UE ya mwaka huu" kwenye WhatsApp anakuibia, mimi mwenyewe siyaoni mpaka siku ile. Na ukikamatwa na nondo (karatasi ya kuibia) chumba cha mtihani kesi hiyo haiko kwenye kozi tena, ni chuo na wewe, na huko mwisho wake ni kufukuzwa.

Nikisapu ndo nimeisha?

Haujaisha. Sapu inafanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo na ukifaulu hata kwa 90 inaandikwa C, hapo ndo inauma. Ukifeli sapu unakeri, unaifanya tena na wadogo zako, unakaa benchi na mtu anayekuita bro. Kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, ni pale GPA (wastani wa matokeo) ya mwaka ikiwa chini ya 1.8, hiyo inakusanya kozi zote sio hii tu.

Ile C yangu bado iko kwenye transkripti, kila nikiomba kazi naiona. Aliyenihoji kwa hii kazi ya TA aliniuliza imekuaje mtu aliyesapu biolojia anataka kuifundisha, nikamwelezea ile grafu ya viazi.

Naona umenionea kwenye kusahihisha, nifanyeje?

Unazo siku 7 toka karatasi zirudishwe. Usije na "TA niongezee mbili tu nifike 16", hiyo siwezi na wala usiniweke kwenye hali hiyo. Andika nusu ukurasa, swali namba fulani, niliandika hivi, naona inastahili kwasababu hii, bana na karatasi yako, weka kwenye trei ya bluu nje ya mlango wa maabara. Nitasahihisha swali ZIMA upya, kwaiyo maksi inaweza kupanda na inaweza kushuka. Muhula uliopita walileta 14, tisa walipanda, wawili walishuka, na mmoja alikuwa sahihi kuliko mwongozo wangu wa kusahihishia, ikabidi niwaongezee darasa zima.